Kupaka Rangi Kabati la Mninga Lenye Vanishi: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Mtwara na Lindi

Kabati la vyombo la mama yangu, pale Mikindani, nililipaka rangi nyeupe siku ya Ijumaa. Jumapili asubuhi lilikuwa limetoka mabaka ya kahawia, kama chai iliyomwagikia kitambaa cha meza. Nikapiga mkono mwingine wa rangi. Mabaka yakarudi. Nikapiga wa tatu, yakarudi tena, safari hii hafifu lakini yametanda zaidi. Rangi ilikuwa nzuri na brashi mpya. Kilichokosekana ni hatua moja ambayo wengi huiruka kwa sababu haionekani kazi ikishaisha: sikuifunga mbao kabla ya kuipaka.

Tangu hapo nimepaka makabati ya jikoni, ya nguo na ya vyombo, kwangu na kwa ndugu, na sijaona doa likirudi. Nayaandika haya kwa mtu mwenye kabati la kahawia lililochoka, ambaye anataka jiko au chumba chake king'ae, na ambaye hana haja ya kununua kabati jipya la mbao za kubandika litakalovimba masika ya kwanza.

Kwa nini mbao zetu hutoa doa

Makabati mengi ya huku kusini yametengenezwa kwa mninga, mkongo, mvule au mtiki. Ni miti migumu, yenye rangi yake ndani. Mninga ukiutia panga kwenye gome hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mkongo una chembechembe za njano katika vitundu vyake, na chembe hizo zikipata maji huyeyuka na kuweza kutia doa hata nguo. Juu ya hayo kuna tanini, kitu kilekile kinachoipa chai ya rangi ukali wake mdomoni.

Rangi ya maji inapogusa mbao kama hiyo, maji yake hupenya, huyeyusha tanini na rangi ya mti, kisha yanapokauka kuelekea juu huzibeba na kuziacha usoni. Kila mkono mpya wa rangi ya maji unaongeza maji mapya, na doa linapanda nayo. Ndiyo maana mikono yangu mitatu haikusaidia kitu.

Kuna doa la pili, nalo si la mti. Seremala akitaka kabati lote liwe na rangi moja huinywesha mbao rangi ya kahawia au nyekundu kabla ya kupiga vanishi. Baadhi ya rangi hizo huyeyuka kwa spiriti au tina, kwa hiyo hata rangi ya mafuta inaweza kuzivuta juu. Kabati lenye mti wa tanini na lililonyweshwa rangi lina vyanzo viwili vya doa, na kizuizi chake ni kimoja: tabaka la kufunga, ambalo nitalieleza kwa urefu mbele.

Kwanza amua kama linastahili kupakwa

Kitu cha mpingo usikipake rangi. Kisugue, kitie nta, kiache. Kabati la mkongo au mninga lililo zima, ambalo tatizo lake ni vanishi kuwa ya njano na kuchunika tu, mimi ningelipiga msasa na kulipa vanishi mpya. Mti mkubwa wa aina hiyo umechukua miongo mingi kukua, na uzuri wa nyuzi zake ukishaufunika ni kazi ngumu kuurudisha.

Linalostahili rangi ni kabati lililochanganywa mbao za aina mbalimbali, lenye viraka, lenye madoa meusi ya maji, au lililonyweshwa rangi nzito mpaka nyuzi hazionekani tena. Makabati mengi ya jikoni yako katika kundi hili.

Angalia pia kama mbao ni nzima. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo na unga laini chini yake, wamo bungua. Ukiona vijia vya udongo nyuma ya kabati, huo ni mchwa. Tibu kwa dawa ya wadudu wa mbao, subiri uone kama unga mpya unadondoka, ndipo uendelee. Rangi haiui mdudu aliye ndani.

Majira na saa za kazi

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo hewa ni nzito, mbao imevimba, na rangi ya mafuta inaweza kukaa siku mbili ikinata. Mimi hufanya kazi hii kati ya Juni na Septemba, wakati wa kusi. Hewa ni kavu, joto si kali.

Kusi ina ubaya wake: inabeba vumbi na mchanga. Fanyia kazi ndani ya nyumba au kwenye baraza iliyokingwa upande wa kusini, na umwagie sakafu maji kidogo kabla ya kuanza ili vumbi litulie. Walio karibu na mashamba ya mikorosho, Tandahimba, Newala au Ruangwa, wanajua kuwa miezi hiyohiyo ndiyo ya kupuliza salfa. Ulizia majirani siku yao ya kupuliza, maana unga ule ukitua kwenye rangi mbichi hautoki.

Saa nzuri ni kuanzia saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, hadi saa nane mchana. Ukipaka jioni, unyevunyevu wa usiku utaikuta rangi ingali mbichi na mng'ao utafifia. Usipake kwenye jua la moja kwa moja, kwa sababu uso hukauka kabla ya ndani na rangi hufanya malengelenge.

Vitu vya kununua

Msasa namba 120, 180 na 240. Puti ya mbao. Brashi nzuri ya inchi 2 na rola ndogo ya sponji. Tepu ya karatasi. Sabuni ya unga na brashi ya kusugulia. Barakoa. Tapentaini kwa ajili ya rangi ya mafuta, na hapa naomba uwe makini: ile tina kali ya rangi za kupuliza magari si sawa na tapentaini. Ukiichanganya na rangi ya mafuta ya kawaida inaweza kuiharibu, na ikigusa vanishi ya zamani huikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Mafuta ya taa nayo yasitumike kuzimulia rangi, yanaacha mafuta yasiyokauka. Petroli isiingie kabisa ndani ya nyumba.

Kuhusu kiasi cha rangi, pima badala ya kukisia. Chukua kabati la milango miwili lenye urefu wa mita 1.8, upana mita 1.2 na kina mita 0.5. Mbele ni mita za mraba 2.16, pande mbili ni 1.8, juu ni 0.6, na ndani ya milango ni 2.16 nyingine. Jumla inakaribia 6.7. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inahitaji kama lita 1.4. Nunua makopo mawili ya lita 1 kwa wakati mmoja, yenye namba ileile ya kuchanganyia, uyamimine pamoja kwenye ndoo safi. Kopo la pili likinunuliwa wiki inayofuata linaweza kupishana kidogo na la kwanza, na mlango mmoja utaonekana mgeni.

Kufungua na kuosha

Toa milango, droo, vishikio, vitasa na bawaba. Kila mlango uandikie namba chini ya mahali pa bawaba, kisha ubandike tepu juu ya namba hiyo isije ikafunikwa na rangi. Skrubu za kila mlango zitie kwenye kifuko chake chenye namba ileile. Bawaba zilizozoea tundu moja hazipendi kuhamishwa.

Zitazame skrubu zenyewe. Chuma chenye kutu kikikutana na tanini hutoa doa jeusi, na kwa nyumba za karibu na bahari, Shangani, Mikindani, Lindi mjini, kutu haikosi. Badilisha na za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Kwa sababu hiyohiyo usisugue mbao kwa waya wa sufuria, unaacha nyuzi ndogo za chuma zitakazooza chini ya rangi.

Sasa osha, na uoshe kabla ya msasa. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu. Kabati la jikoni limenywa moshi wa mkaa, mafuta ya kukaangia samaki na mvuke wa tui. Nyumba wanayochomea korosho ina jambo la ziada, kwani ganda la korosho hutoa mafuta meusi yenye kunata ambayo moshi wake hutua kila mahali. Ukianza na msasa juu ya uchafu huo, unausukuma ndani ya mbao, na rangi haitashika.

Tia sabuni ya unga kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa kufuata nyuzi, zidisha kuzunguka vishikio ambako mikono hugusa kila siku. Futa kwa kitambaa chenye maji safi mara mbili, ubadilishe maji. Kwa walio pwani kufuta huku kunaondoa pia chumvi ya upepo wa bahari, ambayo huvuta unyevu na kuinua rangi baadaye. Usiloweshe mbao, na uache ikauke siku nzima.

Kuna kipimo rahisi: dondosha tone la maji. Likitanda, pako safi. Likisimama kama shanga, bado kuna mafuta au nta, futa kwa kitambaa chenye tapentaini kisha uoshe tena. Mtiki una mafuta yake ya asili, nao ufute kwa spiriti muda mfupi kabla ya tabaka la kwanza.

Jua vanishi uliyonayo

Lowesha pamba kwa spiriti, ishikilie mahali pasipoonekana kwa dakika moja. Vanishi ikilainika na kunata, ni ya shelaki, ile polishi ya mafundi wa zamani. Isipobadilika, jaribu pamba yenye tina kali. Ikiyeyuka, ni ya kupuliza. Ikikataa zote mbili, ni vanishi ya mafuta au ya poliyuretheni, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo imara zaidi ya kupakia juu, mradi mng'ao wake uuawe.

Jaribu na ushikaji wake. Kata alama ya msalaba kwa wembe, bandika tepu juu, ivute kwa nguvu. Vanishi ikitoka na tepu, sehemu hiyo ikwanguliwe yote, kwa sababu rangi mpya haiwezi kushika zaidi ya kilichoko chini yake.

Msasa

Huhitaji kufika kwenye mbao tupu. Wengi huchoka hapa kwa kudhani lazima vanishi yote iondoke. Unachotaka ni uso wa vanishi uwe na mikwaruzo midogo, ufifie kama kioo kilichopigwa mvuke. Anza na namba 120 palipochunika, maliza na 180 kila mahali, siku zote kwa kufuata nyuzi. Kwenye nakshi na pembe tumia kipande cha msasa kilichokunjwa, usipaache, maana rangi huanza kubanduka pembeni.

Vaa barakoa. Vumbi la mvule, mkongo na mtiki huwasha pua na ngozi, na kwa wengine huleta kikohozi kizito. Kabati lililowahi kupakwa rangi miaka mingi iliyopita lipigwe msasa wa maji, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Watoto wasiwe karibu.

Jaza mashimo na nyufa kwa puti, ijaze izidi kidogo kwa sababu hunywea, kisha isawazishe kwa namba 180. Ondoa vumbi kwa brashi kavu, halafu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kufunga mbao

Hapa ndipo ningetaka utulie, hata kama ulisoma mengine kwa haraka.

Kizuizi bora ninachokijua ni shelaki. Maji hayaiyeyushi, na tanini haipiti. Ukipata praima (tabaka la kwanza la kufungia mbao) ya shelaki iliyo tayari kwenye kopo, itumie. Ukipata vipande vikavu vya shelaki kwa wauza vifaa vya useremala, yeyusha gramu 250 kwenye lita 1 ya spiriti, ndani ya chupa ya kioo au plastiki. Kopo la chuma litaifanya shelaki iwe nyeusi. Itikise mara kwa mara, iache ilale usiku kucha. Asubuhi utaona ukungu mzito umetuama chini. Hiyo ni nta. Mimina taratibu maji ya juu yaliyo safi na utumie hayo, kwa kuwa nta hudhoofisha ushikaji wa rangi.

Paka kwa brashi, haraka, bila kurudiarudia. Spiriti hukimbia, ukirudi nyuma utavuruga. Baada ya saa moja au mbili unaweza kupiga mkono wa pili. Hewa ikiwa na unyevu mwingi shelaki hufanya ukungu mweupe, kwa hiyo fanya kazi hii saa nne au tano asubuhi, siku kavu. Kama vanishi yako ya zamani nayo ilikuwa shelaki, spiriti itailainisha na kuisogeza, basi tumia wepesi wa mkono mara mbili zaidi.

Usipopata shelaki, tumia praima ya mbao ya aluminiamu, ile yenye rangi ya fedha, au praima nyeupe ya mbao ya mafuta. Piga mikono miwili, kila mmoja ukae saa 24. Rangi ya fedha isikutishe, andakoti, yaani rangi ya kati inayotangulia ile ya juu, itaifunika. Praima ya maji usiitumie kwenye mninga wala mkongo.

Mafundo ya mbao na mahali palipo na doa jeusi paongeze mkono wa tatu. Kisha fanya lile ambalo sikulifanya Mikindani: paka rangi nyeupe eneo la kiganja, mahali palipokuwa pekundu zaidi, usubiri siku mbili. Likibaki jeupe, endelea. Likitoa umanjano, funga tena. Siku mbili hizi zinauma ukiwa na hamu ya kumaliza, lakini ni nafuu kuliko kupoteza galoni.

Andakoti na rangi ya juu

Pitisha msasa 240 kidogo tu juu ya praima, mpaka uso uwe laini kama ganda la yai, futa vumbi. Piga andakoti mkono mmoja, iache saa 24, pitisha msasa tena.

Kwa jikoni nachagua rangi ya mafuta yenye nusu mng'ao. Inaoshika, na inavumilia mvuke. Rangi ya maji ya ukutani haifai kabati hata kama imebaki kopo zima, maana ni laini, hushika uchafu, na milango hugandana. Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa mbao inafaa ikiwa juu ya shelaki, na ina faida moja: haigeuki njano. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano gizani, ndani ya droo na nyuma ya milango, bila kosa la mtu. Ukitaka mafuta na hutaki jambo hilo likusumbue, chagua rangi ya maziwa badala ya nyeupe pe.

Milango ilaze. Iinue juu ya vifuniko vya soda, kimoja kila pembe, upate kupaka kingo bila kugandana na meza. Anza upande wa nyuma, ugeuze kesho yake, ndipo upande wa mbele usiguswe tena. Pande zote mbili zipate mikono sawa ya rangi. Upande mmoja ukiachwa, mbao hunyonya unyevu huko na mlango hupinda.

Anza na nakshi na pembe kwa brashi, kisha uwanja mpana kwa rola, halafu pitisha ncha ya brashi kavu kwa mkono mwepesi kufuata nyuzi. Tabaka liwe jembamba. Rangi ikiwa nzito, zimua kwa tapentaini kidogo, isizidi sehemu moja kwa kumi. Baada ya dakika kumi rudi utazame kingo za chini, ndiko michirizi hujificha. Ikiwa imeanza kukauka iache, utaisawazisha kwa msasa kesho. Mkono wa pili uje baada ya saa 24.

Fungua madirisha, zima jiko la mkaa na gesi, na usiruhusu mtu kuvuta sigara humo. Matambara yenye mafuta ya kitani, tapentaini au rangi yatandaze nje mpaka yakauke. Yakirundikwa kwenye ndoo yanaweza kupata joto yenyewe na kushika moto. Tapentaini chafu iache ituame kwenye chupa, mimina ile safi ya juu uitumie tena, wala usiimwage karibu na kisima au mtaroni.

Kurudisha mahali pake

Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Rangi ya mafuta unaweza kuigusa siku ileile, lakini kucha huitia alama kwa wiki kadhaa. Milango irudishwe baada ya siku tatu. Vyombo vizito na sufuria za moto zisubiri wiki mbili, na kuosha kwa sabuni kusubiri mwezi. Siku za mwanzo acha milango wazi usiku, au paka poda kidogo kwenye kingo zinazogusana. Droo zinazokwama sugua mshumaa kwenye reli zake.

Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kabati na ukuta, hasa ukuta wa nyumba za zamani unaopitisha unyevu wakati wa masika, na chini weka vipande vya mbao ili miguu isilale sakafuni.

Rangi iliyobaki mimina kwenye chupa ndogo ya kioo, ijae mpaka juu hewa isipate nafasi, uandike namba ya kuchanganyia na jina la chumba. La mama nililirudia lote kuanzia kuosha. Chupa yake iko kwenye droo ya kushoto, na nimeifungua mara moja tu, sufuria ilipogonga kona.